Ulimi wa Kumi

Jumamosi, kabla upepo wa Agosti haujaamka
na kumwaga vumbi la Hombolo kwenye kila kilicho wazi,
nafungua boneti ya Pijo.
Injini iwe baridi, alisema baba,
baridi kama mtungi wa nyuma ya mlango.
Imelala usiku kucha. Nagusa. Baridi.

Nati za kava. Ya mwisho imeota kutu,
naibembeleza kwa spana na matusi mawili ya Kigogo
ambayo mama, anayechambua mlenda kibarazani,
anajifanya hakuyasikia.
Kava linabanduka kama ukoko wa ugali
na hizo hapo, roka nane kwenye mhimili mmoja,
zimeinamisha vichwa, zinang'aa oili,
mbuzi kwenye hori.

Nyemo, mtoto wa dada, ndiye stata yangu leo.
Plagi nimezitoa, gia iko ya nne,
bega lake liko kwenye taa ya nyuma.
"Sukuma. Taratibu. Bado. Bado. Hapo!"
Gari limesogea upana wa kiganja.
Jiwe chini ya tairi.
Valvu ya moshi ya silinda ya kwanza imezama hadi mwisho,
na ikizama hiyo ndipo hupimwa za wengine:
ya hewa kwenye ya tatu, ya moshi kwenye ya nne.
Mmoja awe kazini ndipo wenzake wapimike.
Sikuielewa hesabu hii nilipokuwa na miaka kumi na miwili,
nimeshika tochi, namulika kila mahali
isipokuwa pale alipotaka.

Ya moshi, ishirini na tano. Upo.
Ya hewa, kumi.
Natandaza fila kama karata mkononi:
ishirini, kumi na tano,
kisha tano.

"Mama, nani kachukua ulimi wa kumi?"
"Mimi ninao mmoja tu," anajibu,
"na huo umeshaniponza vya kutosha."

Basi namtuma Nyemo dukani kwa Chedego, alete wembe mpya.
Wembe ni kumi, baba alishawahi kuutumia
siku tuliyokwama njiani Kongwa na giza linaingia.
Nauvua karatasi yake, nauchomeka.
Unaingia, unapima, halafu unanipima na mimi:
tone moja la damu kwenye roka,
oili inalipokea bila kuuliza.

Sikumwona mama akiinuka.
Amesimama kando yangu na kitabu cha nyimbo,
kimefunguka chenyewe mahali kilipozoea,
na katikati ya kurasa, chuma chembamba,
pembeni pake alama ya dole gumba la grisi.
"Aliuweka mwenyewe. Jumapili ile.
Sikutaka kuupoteza ukurasa."

Nashindwa kunyoosha mkono.
Yeye ndiye anayeuchomoa, anaufuta kwa upindo wa kitenge,
anainama, anaokota karatasi ya wembe,
anaiweka pale ulipokuwa ulimi
na kufunga kitabu.

Uingie, uvutike, uwe mzito kidogo,
kama unavuta shuka chini ya mtu aliyelala
na hutaki aamke.
Bisibisi mkono wa kulia, spana wa kushoto,
nakaza nati, kipimo kinakimbia.
Nalegeza. Nakaza. Kinakimbia.
Mara ya nne kinatulia.
"Sukuma, Nyemo."
Jiwe. Tena. Jiwe.

Upepo unafika tukiwa tumekwisha rudisha kava.
Nawasha. Inakohoa, inajikusanya, inashika,
na chini ya mngurumo ule mlio mdogo, tik tik tik,
ule alioupenda, maana tapeti inayopiga kelele, alisema,
angalau unajua iko wapi.
Iliyokazwa sana hunyamaza,
na huungua kimyakimya.

Natabasamu kama fundi.
Mama hatazami hata upande wetu.
Miaka thelathini aliisikiliza injini hii ikirudi usiku,
tangu kule kwenye mizabibu mpaka getini,
akijua kwa sikio kama chakula kipashwe au la.

"Ya tatu," anasema, vidole bado kwenye mlenda.
"Ya tatu inagonga."

Nazima.
Naokota spana.